Wewe Ukate, Mimi Nichague

Tarehe 9 Januari

Dada yangu, kifungua mimba, mkasi wa ukoo,

Salamu hizi ziingie ndani bila kupiga hodi. Zianze kwa Mama, zimwamkie shikamoo kwa adabu zote ambazo mimi sina. Kisha zimvute mpwa wangu sikio. Kisha ndipo zikufikie wewe na hilo cherehani lako linalokohoa kuliko mlinzi wa zamu. Mimi mzima. Nimezidi uzima. Nikiongezwa kidogo tu nitapasuka kama tairi lililojazwa upepo na mlevi.

Najua unashangaa kuona mwandiko wangu, wewe uliyesema kalamu mkononi mwangu ni kama jembe mkononi mwa paka. Simu yangu imezama. Nilikuwa nimeinama natafuta tundu kwenye tyubu, ikachomoka mfukoni, chubwi, ndani ya beseni la pancha. Ilitoa mapovu mazuri sana. Ingekuwa tyubu ningeiziba. Basi barua nimempa Mzee Taratibu, dereva wa lori la matairi anayepita huko kwenu kila anapojaliwa. Jina linajieleza. Ukiipata kabla mwezi haujaisha, mpe maji ya kunywa, kajitahidi.

Na hata simu ingekuwepo nisingepiga. Nikikupigia wewe, Mama anaweka spika, na majirani wanachangia mawazo. Barua hawezi kuisoma, maana miwani yake bado iko kwa fundi, siyo? Iache huko huko kwanza.

Kazi inakwenda. Hapa gereji jogoo ni mimi. Bosi anapokea wageni, lakini tairi likishindikana utasikia, "Kiraka yuko wapi?" Kiraka ndiye mimi, ndilo jina walilonipa. Jana alikuja bwana mmoja na gari linang'aa kama sinia, anaapa tairi lake ni zima, ila kila asubuhi analikuta limelala. Nikalizamisha majini. Mapovu hayo, kama uji jikoni. Nikamwambia, "Mheshimiwa, wewe unaapa, tairi haliapi." Bosi alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa, lililonifanya nishike kalamu. Nilipokuja kumzika shangazi, siku ile tulipokwenda kuchukua vitu vyake wodini, nilimwona daktari amekuvuta pembeni ya korido. Ulirudi na uso wa fundi aliyekata kitambaa cha mteja kabla ya kupima. Nikakuuliza, ukasema ni habari za cheti. Dada, mimi shule niliikimbia, lakini uso wako nilikaa nao darasani miaka yote. Sema.

Ni mimi, ndugu yako mzuri kuliko wewe,
Kiraka

*

Tarehe 2 Februari

Kitinda mimba wangu, mwenye mdomo usio na breki,

Barua imefika, imekunjwa mara nyingi na inanuka raba. Mama hajambo, magoti tu yanamsumbua kwenye ngazi asubuhi. Amesema uache kulala na feni. Nilimwambia huna feni, akasema basi ukipata, uache. Mpwa wako ameng'oa jino la mbele na sasa anapiga miluzi hata akisema hapana. Anauliza lini mjomba ataleta tairi la bembea ulilomwahidi msibani. Mimi nashona sare za shule, mabegani naumwa, lakini nashukuru.

Umeniuliza. Nilitaka nikuambie kwa mdomo, nikashindwa, ukapanda lori ukaondoka.

Daktari alisema ugonjwa uliomwondoa shangazi ndio uleule uliomwondoa Baba. Saratani ya utumbo mpana. Alisema haikuwa bahati mbaya mara mbili, ni kitu kinachotembea kwenye damu ya ukoo. Ndani ya utumbo huota vinundu vidogo vidogo, vingi, haviumi. Vikiachwa, siku moja kimoja wapo hugeuka. Ndiyo maana wote wawili waliondoka kabla ya kuota mvi. Dawa yake ni kuwahi: wanaingiza kamera, wanaangalia, na wakikuta vinundu wanaukata huo utumbo kabla havijageuka, na mtu anaishi.

Alisema mtoto wa mwenye kitu hicho, uwezekano wake ni nusu. Akauliza Baba aliacha watoto wangapi. Nikasema wawili. Akasema, "Basi mje wote wawili."

Hesabu hiyo nimeifanya njia nzima ya kurudi nyumbani. Tuko wawili. Nusu. Mmoja wetu anacho.

Na nikuambie jambo la ajabu. Zamani, kabla sijajua, mtu angeniambia twende tukapime bure, ningevaa viatu nikaenda, hata kwa kupoteza wakati. Sasa najua, na miguu imekuwa ya mtu mwingine. Mara mbili nimefika kwenye geti la hospitali. Mara zote mbili nimevuka barabara nikaingia duka la vifaa vya ushonaji, nikanunua zipu. Ninazo zipu za kushonea jeshi.

Wewe unaonaje? Na wewe tumbo lako likoje? Usinijibu kwa mzaha.

Dada yako

*

Tarehe 27 Februari

Dada, mama wa zipu,

Salamu kwa wote, wenye meno na wasio na meno. Mwambie mpwa wangu tairi la bembea nimeshalichagua, la gari dogo, halina hata waya uliochomoza. Nalipiga msasa kila nikipata nafasi ili lisimchubue. Mama mwambie feni nimeiacha kabla sijainunua.

Nimesoma barua yako nikiwa nimekalia kiti changu cha enzi. Unakijua? Nimechukua tyubu ya gari dogo, nimeijaza upepo nusu, nimeiweka juu ya ndoo. Nakaa pale kama sultani, sakafu ya saruji naiachia wanafunzi. Bosi anasema nimedeka. Tena anasema nimepata kiuno cha bibi harusi, maana mkanda nimeutoboa tundu jipya kwa msumari. Wivu tu. Mwili wa mazoezi unajikaza, si kama nyinyi mnaokaa na sindano mpaka mnaota mizizi.

Umesema nisijibu kwa mzaha, basi nakujibu kwa sheria. Sheria ya Mama. Unaikumbuka? Mkate mmoja, watoto wawili, na ugomvi mpaka paa linacheza. Mama akasema: mmoja akate, mwingine achague. Hakuna kelele tena. Na kwa kuwa wewe ni mkubwa, kisu kilikuwa chako. Na Mungu ni shahidi, hujawahi kukata mkate ukakaa sawa! Kipande kimoja godoro, kingine kama sabuni iliyobaki bafuni. Nami nachukua godoro, nakutolea ulimi. Leo watu wanakuletea vitambaa vya harusi ukate. Nawaombea.

Basi iwe hivyo hivyo. Wewe ukate, mimi nichague. Nenda wewe kwanza. Wewe ndiye uliyefungua mlango wa tumbo la Mama, fungua na huu. Ukikutwa nacho, tunajua. Ukikutwa huna, tunajua pia, na mimi nitakuwa nimepimwa bila mtu kunichungulia mahali ambapo hata mimi mwenyewe sijawahi kupaona. Kipimo kimoja, majibu ya watu wawili! Daktari kasoma miaka yote ile hakuliona hilo, nimeliona mimi niliyeiachia shule njiani.

Usiogope. Tairi likija hapa silihurumii wala silibembelezi. Nalizamisha, naona povu, naziba, linaondoka. Hospitali ni gereji tu, isipokuwa wanavaa nyeupe.

Tumbo langu umeliuliza. Lipo mahali pake, linasalimia.

Kiraka, sultani wa tyubu

*

Tarehe 30 Machi

Ndugu yangu,

Mama hajambo. Mtoto hajambo. Mvua imeingia dukani ikalowesha kitambaa cha bluu, nimekianika kutwa nzima.

Nimekwenda. Tairi halina hofu, ndiyo maana unalizamisha kirahisi. Mimi nilikuwa nayo ya kujaza beseni, lakini nilikwenda. Jana yake nilipewa dawa ya kusafisha tumbo, jagi zima, ina chumvi kama machozi. Nilishinda chooni. Mama alidhani nimekula kitu kibaya dukani, akawasema wenye migahawa wote. Asubuhi muuguzi alinilaza ubavu, mwanamke mpole, viganja vya moto. Alikuwa anaita kila mtu "mwanangu", hata mzee mmoja mwenye fimbo. Nilichomwa sindano ya usingizi na sikumbuki zaidi.

Wamekiona. Kiko kwangu.

Usilie, na usianze kupiga kelele huko gereji. Wanasema kuna matibabu. Ila wanataka ndugu wa damu awepo, wa kunisimamia na kutia saini. Mama siwezi kumwambia, itamuua. Nina wewe tu. Njoo. Mwombe Bosi ruhusa, panda lori la Mzee Taratibu, uje wewe mwenyewe. Sitaki salamu, wala tairi. Sijawahi kukuomba kitu. Leo nakuomba.

Dada yako

*

Tarehe 24 Aprili

Dada yangu, dada yangu,

Salamu sizijui leo zinaanzia wapi. Mama shikamoo. Mtoto busu la kwenye pengo.

Barua yako niliisomea nyuma ya gereji, kwenye rundo la matairi yaliyokwisha. Nikufiche nini? Lilipofika lile neno, "Kiko kwangu", kitu kilichonitoka mdomoni ni kicheko. Si kilio, kicheko. Kifupi, kama upepo unavyotoka ukibonyeza valvu. Fii. Halafu ndipo nikajiona. Nikajipiga kofi, kweli, la shavuni, mwanafunzi mmoja akanichungulia akadhani ni mbu. Halafu nikalia mpaka Bosi akaja kuuliza ni gari la nani limeibiwa.

Naomba usinichukie kwa kile kicheko. Sikukipanga.

Maana sasa naweza kukuambia, ilimradi imeshajulikana ni wewe. Kulikuwa na kidamu, huko chooni. Kidogo, kinakuja kinaondoka, tangu kabla ya msiba wa shangazi. Nami ulipoandika habari za vinundu, nilijisemea, Kiraka, umekwisha. Sikulala vizuri tena. Kumbe ni bawasiri tu! Sisi watu wa pancha tunachuchumaa kutwa kwenye saruji baridi, nani asiyekuwa nayo? Muuza dawa hapa jirani amenipa mafuta ya kupaka, nimepaka. Basi hesabu imenisafisha. Mkate umeshakatwa.

Lakini kipande ulichokipata, dada! Ningeweza kubadilisha, Mungu anaona, ningebadilisha. (Nikishaandika hivyo najiuliza kama ni kweli, kwa sababu ya kile kicheko. Sijui. Wewe unanijua kuliko mimi.)

Kuja nitakuja. Si mwezi huu. Bosi amesafiri, kaniachia funguo, ndiyo ujue nimefika wapi. Mwezi ujao pia kuna magari ya serikali yanakuja kubadilisha tairi zote. Na lile lori, dada, lina kiti cha mbao, barabara yote mashimo, siku mbili unarushwa kama mahindi kwenye kikaango. Kwa sasa kukaa muda mrefu kunaniumiza. Nikishapona haya mambo ya bawasiri, mtaniona mlangoni na sanduku.

Nakuletea kwa mkono wa Mzee Taratibu tyubu kama ile ya kwangu. Ijaze upepo nusu tu. Ukishapasuliwa utaniombea dua kila ukikalia.

Mdogo wako anayekupenda, na haongei hivyo kila siku,
Kiraka

*

Tarehe 12 Mei

Mdogo wangu,

Sina salamu. Wote wazima. Mimi pia ni mzima, na hilo ndilo ninalokuandikia. Soma mpaka mwisho, usikimbie katikati kama shule.

Sina kitu. Kamera haikukuta hata kinundu kimoja. Daktari alinionyesha picha, pekundu na safi kama ndani ya shavu la mtoto. Alinishika mkono akasema, "Hongera, na mtoto wako naye amepona humo humo." Nikaanguka kwenye benchi. Wagonjwa wakadhani nimeambiwa nakufa. Nililia kwa sababu nilikuwa nimekuhesabu wewe. Kama mimi sina, basi ni wewe. Ningeandikaje "sina"? Kwangu mimi ilikuwa sawasawa na kukuandikia hukumu, nikaitia kwenye bahasha, nikampa Mzee Taratibu.

Basi nikageuza. Nilijua nikikuambia uje kwa ajili yako, utanitania mpaka mwaka uishe. Lakini kwa ajili yangu nilijua utakuja. Ukishafika, ningekushika kola nikakupeleka kwa yule muuguzi, ukasirike ukiwa umeshalazwa ubavu. Huo ndio ulikuwa mpango wangu. Nilitandika na kitanda.

Hukuja. Ikaja tyubu.

Na ndani ya barua kuna damu. Tangu kabla ya msiba! Mdogo wangu, tangu kabla ya msiba, na unaniandikia habari za kiti cha enzi?

Nilikimbia hospitali na uzi ukiwa bado shingoni. Nikamwambia muuguzi, nina ndugu, na kwa kuwa mimi sina, yeye ndiye mwenye nacho, nifanyeje? Akaniuliza nani kaniambia hivyo. Nikamweleza hesabu yetu. Kisha akatoa sarafu mfukoni, akairusha, akaidaka. "Hii ni yako, mwanangu." Akairusha tena. "Na hii ni ya mdogo wako. Ya kwanza haiiambii ya pili kitu." Tungeweza kuwa nacho wote wawili. Tungeweza kukosa wote wawili. Haukuwa mkate kabisa. Hakuna aliyekata.

Basi kwangu usichukue jibu lolote. Si la kukutia hofu wala la kukutuliza. Kipimo changu ni changu. Nenda kwenye hospitali ya huko huko, leo, waambie Baba na shangazi, waambie damu. Mafuta ya muuza dawa yatupe.

Nimekudanganya. Nitakuomba radhi nikikuona. Kwanza nenda.

Dada yako

*

Tarehe 6 Julai

Kiraka,

Mzee Taratibu anasema barua ya Mei alikukabidhi mkononi. Amepita tena, kakuta kiti chako kitupu na wanafunzi wanasema uko "mapumzikoni". Mapumzikoni wapi? Namba ya Bosi wako kanipa yeye leo, nimempigia, simu inaita tu.

Nitukane kama unataka, ila andika. Mama ameanza kuuliza kwa nini nakaa dirishani kila lori likipita.

Dada yako

*

Tarehe 3 Septemba

Dada yangu, mwongo wangu, kifungua mimba,

Salamu kwa Mama, shikamoo mara mbili, moja ya leo na moja ya akiba. Salamu kwa mpwa wangu mpiga miluzi. Tairi lake limekamilika, liko ofisini kwa Bosi, nimelichora na nyota. Mzee Taratibu atalileta. Lifungeni kwenye mhimili wa baraza, kamba mbili, si moja, na ukague kila wiki. Kamba, siyo mtoto.

Usimlaumu Mzee Taratibu wala wanafunzi; "mapumzikoni" ilikuwa chumbani kwangu, siku chache nilizojilaza kwa uchovu kabla ya kurudi kazini. Barua ya Mei niliipata. Sikuifungua. Niliishika nikaona ni nzito, nikajua imeandikwa umezidiwa, nikasema nisipoisoma bado hujazidiwa. Nikaiweka chini ya tyubu, juu ya ndoo, nikaikalia. Wiki nyingi nimekalia barua yako, dada, kama kuku. Ya Julai nayo nikaiunganisha. Vifaranga viwili.

Ilikuwa tairi la lori. Hayo ninayoyabeba begani huku napiga mluzi, unanijua. Nililiinua likafika kiunoni, halafu nikaona gereji inazunguka, na tairi likaondoka peke yake barabarani, watu wanalikimbiza. Nikaanguka, suruali imelowa, na haikuwa maji ya beseni. Bosi alinibeba mgongoni mwenyewe, yule mnene, akipiga honi kwa mdomo watu wapishe. Barua alizikuta kwenye ndoo akaniletea wodini. Ndipo nikazisoma, zote mbili kwa mpigo.

Nilisoma "sina". Nikacheka tena, dada. Mtu wa kitanda cha pili akaniuliza nimeletewa habari gani njema. Nikamwambia, dada yangu ni mzima, na mtoto wake mzima. Akasema alhamdulillahi. Kicheko kile cha kwanza nakifuta kwa hiki cha pili. Hiki nimekipanga mwenyewe.

Sasa mimi. Kamera imeingia, nimenywa jagi lile la machozi, na wauguzi wa huku hawaiti mtu mwanangu. Daktari kijana, karibu rika langu, ana kalamu tano mfukoni. Alinionyesha kwenye kioo. Vimejaa, dada, kama maharagwe yaliyomwagika. Kimoja kimeshakua, kimechoka kupanga chumba kimoja, kimehamia kwenye ini. Nilimuuliza, "Ningekuja Januari?" Akaanza kupanga zile kalamu zake. Nikamuuliza, "Na Mei?" Akazipanga upya. Basi sikumsumbua tena. Mimi nimetazama maji maisha yangu yote, povu nalijua.

Watanipasua wiki ijayo ili damu ikome. Hasemi kupona. Anasema kunipa nafuu, kunipa muda. Muda kiasi gani hakusema, na mimi mropokaji mkubwa sikuuliza.

Nina jambo moja la kusema kuhusu uongo wako, halafu nilale. Umesema utaniomba radhi. Hapa nimelala chali natazama dari, sina tairi, sina mteja, nikawa nawaza mkate. Fundi kama wewe, anayekata suti ya mtu kwa chaki na jicho, alishindwaje kukata mkate sawa, kila siku, miaka yote? Mkono uleule! Na kila siku unakata godoro na sabuni, na unajua sheria, mwenye kukata hachagui. Na mimi nachukua godoro na kukutolea ulimi, nakuita kilema wa kisu.

Nimeelewa juzi tu. Umri huu wote.

Na Machi ukafanya vilevile. Ulikuwa na kipande kizuri mkononi, ukakigeuza upande wangu, ukajipa sabuni. Haikunifaa, najua. Haukuwa mkate, muuguzi kasema kweli. Mimi ndiye niliyesema ni mkate. Lakini nilichukua godoro, dada, na nikacheka. Usiniombe radhi kamwe.

Mama mwambie wewe, kwa mdomo, bila spika. Mchukulie kwanza miwani yake kwa fundi, ili akija anione vizuri.

Njoo naye mapema; Mzee Taratibu anaondoka usiku huu, ameapa barua hii itafika kwa siku mbili. Njoo na mkate, wa kawaida tu, usikatwe. Daktari anasema kabla ya upasuaji naweza kula vitu laini. Kisu nimeshamwomba Bosi. Safari hii nakata mimi, na wewe ndiye utakayechagua. Nimeanza mazoezi ya kukata vibaya.

Mdogo wako,
Kiraka